Mgeni analeta rodi ya flai Lamu: nimpeleke maji gani?

dau_la_shela

Assalaam alaykum wote, na wengine hamjambo.

Mimi ni kijana wa Shela, naendesha mashua ya babangu ya tanga, ina injini ya farasi 15 nyuma. Kazi yangu ni wageni: Takwa kuangalia magofu, Manda Toto kuogelea, jioni kutembea baharini mpaka jua lichwe. Kuvua nawavulisha pia, ila kwa mshipi wa mkono. Changu, chewa wadogo, tunachoma ufuoni kwa ndimu na chumvi, kila mtu anarudi radhi.

Sasa nina mgeni Mfaransa aliyekuja mwaka jana na familia yake. Anarudi peke yake, anataka siku tano za kuvua kwa flai, ile ndoana ya manyoya isiyo na chambo, na hataki kitu kingine. Nikimtajia chambo anakunja uso. Kurambaza, yaani kuburuta ndoana nyuma ya boti inayokwenda, hataki. Anataka kusimama omo, mbele ya mashua, arushe mwenyewe, na maji yakipwa ashuke atembee kwenye fungu la mchanga. Ataleta rodi mbili, zile fimbo za kuvulia, namba 9 na namba 12. Samaki alionitumia picha zao ni kolekole, pandu, na sulisuli ikiwezekana. Tarehe ameniachia mimi, popote baina ya Oktoba na Machi.

Bahari yetu naijua, nimekulia ndani yake. Hiyo flai ndiyo siijui. Niliwahi kumwona mgeni mmoja pale Ras Kitau akizungusha uzi wa rangi ya chungwa juu ya kichwa kama mtu anayefukuza nyuki, nikapita zangu. Wenye ujuzi nisaidieni: bamvua, maji makubwa, ama maji mafu? Mkondoni ama kwenye mafungu? Mashua ya tanga yafaa kweli ama nikodi boti ya faiba? Na habari ya sulisuli kwa uzi mwembamba, ni kweli ama ni maneno ya mtandaoni? Anataka bei mapema, na siwezi kutaja bei ya kitu nisichokijua.

mtu_wa_langoni

Mpe mshipi, mpe na ngisi wa chambo, saa mbili asubuhi ndoo imejaa na nyote mko nyumbani mnakunywa chai. Hawa watu wana pesa za kujitafutia taabu.

serahangi_mstaafu

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi nilifanya kazi kwenye boti za uvuvi wa michezo Malindi, nilianza kwa kuosha boti nikamalizia userahangi, na wageni wa flai nimewabeba wa kila tabia. Siku hizi niko kwetu Matondoni nashona nyavu, nafasi ya kuandika ninayo, kwa hiyo nivumilie.

Nakuambia mapema: mvuvi wa mshipi ana nusu ya kazi hii mkononi tayari. Nusu ya pili ni kurusha, na hiyo si yako, ni ya mgeni.

Kwenye mshipi wako kinachokwenda mbali ni chubwi, kile kizito cha mwisho, uzi unafuata. Kwenye flai ndoana imevishwa manyoya tu, haina uzito wa maana. Uzito umo ndani ya uzi wenyewe, ule mnene wa rangi. Rodi inaurusha uzi, na ndoana inaburutwa nyuma yake. Zile namba 9 na 12 ni daraja za uzito wa uzi. Anauzungusha nyuma na mbele ili rodi ipinde na uzi upate mwendo, hafanyi mbwembwe. Sasa kamata mambo mawili hapo. Anahitaji nafasi nyuma yake sawa na mbele, kwa hiyo wewe usisimame katikati ya mashua ukashangaa, itakuingia sikioni. Na masafa: mgeni atakuambia anarusha mita 30. Huenda ni kweli, kwenye nyasi za kwao. Juu ya mashua inayoyumba, kaskazi ikimpiga bega la kulia, hesabu 15. Kazi yako ni kumfikisha mita 15 kutoka kwa samaki, na samaki asijue.

Boti ya faiba usikodi. Inapiga kelele ubavuni kila wimbi likiigusa. Wewe una pondo. Zima injini mbali, ushushe tanga na foromali kabisa uvilaze, ng'oa na mlingoti ikiwa unang'oka, halafu sukuma kwa pondo taratibu ukiwa tezi, nyuma, mgeni yuko omo. Ncha ya pondo iweke kwenye mchanga, usiigonge kwenye mawe. Kolekole haogopi mashua kama anavyoogopa mgongano. Ukimwona samaki usianze kutaja saa ili kuonyesha upande aliko. Saa zetu na zao haziendi pamoja na mtapotezana. Nyosha pondo kumwelekea samaki, taja mita, nyamaza.

Kingine cha mashua ni uzi unaolala chini miguuni. Utanasa kwenye kila kitu. Nanga, kata ya kufulia maji, makasia, kitasa cha sanduku, kidole cha mgeni. Ondoa vyote sehemu ya omo. Visivyoondoka vifunike kwa kipande cha wavu kilicholowa, wavu wa matundu madogo, uzi ulale juu yake. Wengine tulikuwa tukiwawekea pakacha kubwa lenye maji kidogo chini, uzi unaangukia humo na haupeperuki. Mgeni mmoja alilipenda pakacha kuliko kikapu chake cha plastiki akaondoka nalo mpaka kwao.

Tuje kwenye maji. Wewe mwenyewe unajua kuwa bamvua huanguka mwezi ukiandama na mwezi ukikamilika, na kwamba siku hizo kwetu maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne au tano asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Kwa mtu anayetaka kutembea fungu hiyo ni zawadi, jua liko juu na anaona chini. Lakini mkondoni siku hizohizo maji yanakimbia mno, yana taka, na flai inapita juu ya samaki kama haikuwapo. Kwa hiyo usichague bamvua tupu wala maji mafu. Mwite aanze tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu. Siku mbili za kwanza fungu linakauka vizuri, mtembeze. Kila siku kupwa kunachelewa kama dakika 50 na maji yanapungua nguvu, basi siku ya tatu mpaka ya tano uwe mkondoni, maji yana mwendo wa kadiri na yametulia rangi. Mafu yenyewe yakifika mgeni ameshaondoka kwako.

Mwezi gani? Kusi sahau. Aprili mpaka Juni mvua za masika, Tana inamwaga matope pale Kipini na bahari yote ya Ungwana inakuwa rangi ya chai ya maziwa, na Julai na Agosti upepo haukupi nafasi. Januari na Februari maji ni safi lakini kaskazi inapanda kuanzia adhuhuri, mtafanya kazi nusu siku. Mimi ningemwambia maleleji, mwisho wa Oktoba hadi Novemba, pepo zikiwa zinabadilishana. Kuna asubuhi bahari inalala hata kivuli cha mashua unakiona mchangani. Machi nayo ina siku kama hizo, ila joto lake halina huruma kwa mzungu.

Mahali sikutajii mawe yangu hadharani, ila nitakuonyesha cha kutazama. Kwenye fungu, maji yakianza kujaa, mtafute taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Taa mkubwa akipanda na maji anachimbua mchanga kutafuta kaa na kamba, na vumbi linainuka nyuma yake. Ndani ya vumbi hilo, au pembeni mwa ubawa wake, mara nyingi kuna kolekole mmoja au wawili wanaomfuata wakiokota wanaotoroka. Utaona kivuli cheusi cha taa, kisha kitu kinachong'aa kikikatiza. Mwambie mgeni arushe flai ubavuni, si juu ya mgongo wa taa, aiache izame hesabu ya mbili, halafu avute. Huyo kolekole yuko mezani tayari, hana muda wa kuuliza maswali.

Mkondoni tafuta mstari ambapo maji safi yanakutana na maji ya mikokoni. Wakati wa kupwa, dagaa wanatolewa nje ya mikoko na wanakusanyika mstarini. Membe, wale ndege wa baharini, watakuonyesha. Pandu wanapiga juu, maji yanaruka, unasikia kabla hujaona. Hapo usiingie katikati ya kundi na injini ikiunguruma, nimeona manahodha wakubwa wakifanya hivyo wakabaki na membe peke yao. Zunguka mbali, tangulia mbele ya mwendo wao, zima, ngoja wakujie.

Na sasa ile nusu yako. Wengi wa wageni hawa wamejifunza mitoni kwao, samaki wa maji baridi, mdomo laini. Samaki akigusa, wao wananyanyua rodi juu. Kolekole ukimnyanyulia rodi umempa zawadi ya kutema, mdomo wake ni mfupa. Ncha ya rodi ibaki chini ikimwelekea samaki, na mkono wa kushoto ndio unaovuta uzi, kwa nguvu, mpaka uzito ukae. Hiyo ni mshipi, mwanangu. Ni lile vuta ulilofundishwa na babako ukiwa huna meno. Mweke mgeni kiti cha nyuma siku ya kwanza, mpe mshipi wako na changu watatu wanne, mkono wake ujifunze. Atanung'unika. Baadaye atakupa bakshishi.

Kuvuta flai ya kolekole nako kuna ubishi. Mgeni atataka kuvuta kidogokidogo, akisitasita. Hapana. Dagaa akifukuzwa hasiti. Abane rodi kwapani avute kwa mikono miwili, mbio, bila kusimama hata samaki akiwa nyuma ya flai. Akisimama, kolekole anageuka.

Vifaa muulize maswali matatu tu. Uzi wake ni wa nchi za joto? Ule wa nchi za baridi kwenye jua letu unalainika kama tambi na haurushiki. Uzi wa mbele, wenyewe wanaita lida, una ratili ngapi? Kwa rodi namba 9 ratili 30 au 40 zinatosha. Kwa namba 12 kwenye matumbawe asilete chini ya 80, kolekole mkubwa hakimbilii baharini, anakimbilia jiweni. Na rili, gurudumu la kukunjia uzi, ina uzi wa akiba kiasi gani chini ya ule wa rangi? Mita 200 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Akitaka mzia, kipande cha waya mbele ya ndoana, la sivyo kila mzia ataondoka na flai.

Sulisuli nitakuja kuandika baadaye, nimeitwa.

binti_kipungani

Kaka wa Shela, mzee amemaliza mengi, mimi niongeze ya flai zenyewe kwa sababu nazifunga na kuwauzia wageni wa hoteli mbili tatu hapa.

Usimwache alete sanduku la flai mia za rangi zote. Kwetu mbili zinafanya kazi nyingi. Ya kwanza ni Clouser, imebuniwa na Mmarekani Bob Clouser mwaka 1987 kwa samaki wa mtoni kwao, Pennsylvania, na sasa iko kila bahari. Ni nywele ndefu juu na chini, na macho mawili mazito yamefungwa karibu na tundu la ndoana. Uzito wa macho unaigeuza, ndoana inaangalia juu, kwa hiyo ukiiburuta juu ya majani ya bahari hainasi. Kwa mafungu yetu yaliyojaa majani hiyo ni faida kubwa. Mimi natumia nywele za mkia wa mbuzi mweupe, ndefu na zisizojikunja, nazipaka rangi ya nguo. Kijani cha ndimu juu, nyeupe chini. Macho nayapata kwenye mnyororo wa shanga za chuma, ule wa kizibo cha sinki, na nikitaka izame zaidi nayeyusha chubwi.

Ya pili ni ya manyoya, ya Lefty Kreh, Mmarekani vilevile, wanaita Deceiver. Mkia wake ni manyoya marefu ya jogoo, sita au nane, na hapo Lamu tuna bahati kuliko dukani: kuchi. Unyoya wa shingo ya jogoo wa kuchi ni mrefu, mwembamba, una uti mgumu, na majini unacheza bila kujizungusha ndoana. Ila usimwendee mtu mwenye kuchi wa kupigana ukamwomba unyoya, atakukatia udugu. Mimi nangoja wakipukutisha, au siku ya karamu nikisikia kuna aliyechinjwa nakimbilia jikoni kabla hayajatiwa moto. Nyekundu iliyoiva kwa juu, nyeupe kwa chini, nyuzi chache za kung'aa ubavuni, si nyingi. Wageni wanapenda kung'aa kuliko samaki.

Kwa pandu fanya popa, flai ya kupiga maji juu. Kichwa chake nakata kwenye ndara kuukuu zinazotupwa na bahari upande wa nje, ziko za kutosha kujenga jahazi, na wenzetu walilijenga kweli hapahapa Lamu. Kata kipande kama kizibo, mbele kiwe bapa au na shimo kidogo, toboa kwa msumari wa moto, pitisha ndoana, gundi. Kikivutwa kinapiga maji pwaa, na pandu anakuja kwa hasira. Ukiwa na manne ya rangi nyeupe na waridi yatakutosha siku zote tano.

Ukubwa wa flai upime kwa dagaa wa siku hiyo. Chota kwa wavu, weka mkononi, linganisha. Hayo mengine ni mapambo. Ndoana vijino vyake viminye kwa koleo kabla hamjaondoka nyumbani. Zikiingia kwenye samaki zinatoka vizuri, na zikiingia kwenye sikio lako pia, mzee kasema utasimama wapi.

mla_wali

Samahani wakubwa, nauliza kwa nia njema. Nasoma hapa flai, popa, kuchi, lakini sijasoma samaki anapikwa vipi. Nimesikia wageni hawa wanamvua samaki, wanapiga picha, wanamrudisha. Hapo Lamu kuna nyumba hazijawasha moto. Kumtesa kiumbe kwa mchezo halafu umwache si jambo la kujisifia.

muuguzi_wa_pwani

Sitaingia kwenye ubishi huo. Naongeza tu kuhusu kutembea fungu, kwa sababu mzee amemwambia mgeni amfuate taa. Mtu asinyanyue miguu, aburute nyayo mchangani, taa akisikia anaondoka mwenyewe. Anayekanyagwa ndiye anayepiga mkia. Akichomwa, mtoeni kwenye bahari, osheni, mtie mguu kwenye maji ya moto anayoyaweza kuvumilia, si ya kuchemka, wewe jaribu kwanza kwa mkono wako mzima kwa sababu yeye hatahisi sawasawa. Nyuzi joto 45 hivi, nusu saa mpaka saa na nusu. Sumu ya taa haipendi joto na maumivu yatashuka. Kisha hospitalini, kipande cha mwiba hubakia ndani. Bebeni chupa mbili za chai za maji ya moto kila mkienda. Za chai yenyewe zihesabiwe mbali.

serahangi_mstaafu

Nimerudi. Mla wali, umeuliza swali la mtu mzima nami nitakujibu kama mtu mzima. Upande wa dini muulize sheikh wako, mimi si mwenye ilimu, na najua mashekhe hawaoni sawa. Upande wa bahari nina la kusema. Nguru, jodari, pandu, kolekole wa kilo mbili tatu, hao tulikula, na mgeni hakukataa; mwenye mashua ndiye anayepanga hilo na alipange mapema, kabla ya kutoka. Kolekole mkubwa na sulisuli tuliachia. Sulisuli mmoja sokoni ni pesa ya siku moja. Akiwa hai ndiye anayemleta mgeni aliyelipia boti, mafuta, mabaharia watatu, chumba na chakula, na mwakani atamleta tena. Kuna wakati tukiwa vijana sulisuli walikuwa wakilazwa gatini kupigwa picha na jioni wengine wanatupwa. Hayo yalikuwa mateso na ubadhirifu pamoja. Sasa boti za Malindi na Watamu zimezoea kumtia kitambulisho na kumwachia. Kazi hiyo ya vitambulisho inaongozwa na African Billfish Foundation walioko Watamu, na kwa njia hiyo watu wamejua samaki wetu wanasafiri mbali katika Bahari ya Hindi, hawana kwao.

Basi dau la Shela, sulisuli kwa flai si maneno ya mtandaoni, ila si kazi ya mashua yako. Usimwahidi.

Inafanywa hivi. Boti inakwenda mwendo wa kurambaza, nyuma zinaburutwa tiza, vitu vya rangi na utepe wa tumbo la sehewa ulioshonwa vizuri, na vyote havina ndoana hata moja. Sulisuli anakuja kupiga kwa upanga wake. Hapo mtu aliyeshika tiza anamvuta karibu: anamwonjesha, anamnyang'anya, anamwonjesha tena. Ni ustadi mkubwa na mgeni haoni, yeye anamwona samaki tu. Samaki akikasirika rangi inabadilika, kahawia inaondoka, anakuwa na milia ya buluu inayowaka, na tanga la mgongoni linasimama. Akiwa mita 10 kutoka tezi, nahodha anatoa gia. Lazima atoe kabla flai haijarushwa, ndiyo sheria ya IGFA, shirika la kimataifa la rekodi za uvuvi wa michezo, kwa anayetaka samaki wake ahesabiwe. Tiza inang'olewa majini ghafla, na mahali pale pale inaangukia flai kubwa ya waridi na nyeupe yenye kichwa cha povu. Samaki anageuka, anaona kitu kimoja tu kilichobaki duniani.

Hapo ndipo moyo unapowasaliti. Flai ikipigwa samaki akiwa anakuja moja kwa moja usoni mwako, ndoana inatoka mdomoni wazi. Angoje ageuke, ndoana ishike pembe ya mdomo. Akiruka, mgeni asukume rodi mbele alegeze uzi, samaki asiangukie uzi ulionyooka. Sheria hiyo hiyo inataka sehemu moja ya lida isizidi nguvu ya kilo 10, na uzi mnene wa kuzuia msuguano wa upanga usizidi inchi 12. Fikiria uzi huo na samaki wa kilo 30 anayekimbia mita 200 kwa pumzi moja. Rodi namba 12 ni ya chini kabisa, wengine hutumia 14. Akifikishwa ubavuni asitolewe majini, ashikwe upanga huku boti ikienda polepole maji yapite kwenye mashavu, mpaka apige mkia mwenyewe.

Kwa hiyo mpange hivi: siku tano kwako, kisha ashuke Malindi au Watamu siku mbili, Novemba hao wapo karibu, na wewe umtafutie boti inayojua tiza bila ndoana. Ziko chache. Uliza swali moja tu, nani anashika tiza. Wakikujibu "yeyote", tafuta nyingine. Na wakukatie chochote kwa kuwaletea mgeni, usione haya.

Karatasi: mgeni akate leseni ya uvuvi wa michezo kwenye ofisi ya Uvuvi kabla ya siku ya kwanza. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ndani ya mipaka ya mbuga hazivuliwi, ni hivyo tangu 1968. Akitaka kwenda Kiwayu na juu zaidi, huko ni hifadhi ya Kiunga, zungumza na BMU ya huko, kamati ya wavuvi wa ufuoni, na watu wa KWS, shirika la wanyamapori, kwanza, usijitokeze tu na mzungu na rodi.

Bei: taja kwa siku nzima ya mashua, si kwa samaki. Anayelipa kwa samaki atakudai samaki.

dau_la_shela

Ami, Mungu akuzidishie. Dada wa Kipungani nakutumia ujumbe, nataka Clouser kumi na popa nne, na nyama ya kuchi sidai. Mla wali, wadogo tutakula, karibu Shela jioni yoyote siku hizo.

Nimemwandikia mgeni aje Novemba, mwezi wa Kiislamu ukifika tarehe 16. Amekubali, ila anauliza kama maji ya moto kwenye chupa ya chai ni utani. Ami, ule wavu wa matundu madogo unao wa kuniuzia? Na nije lini?

serahangi_mstaafu

Njoo baada ya Alasiri, asubuhi siko. Wavu upo, hauuzwi, utaurudisha. Mwambie mgeni alete viatu vya soli ngumu, chaza wa mikokoni wanakata mpira. Na mlingoti wako uujaribu kuung'oa wiki hii, usingoje siku aliyosimama mgeni ufukweni na rodi zake mkononi.